Nilikariri Ukurasa wa Mwisho

Nilikuwa kidato cha tatu, Tanga, mwalimu wetu wa Kiingereza aliponipa karatasi moja ya fotokopi na kuniambia nina wiki mbili tu. Mashindano ya kuhutubia yalikuwa yanakaribia na shule yetu haijawahi kushika hata nafasi ya tatu. Karatasi ilikuwa imefifia pembeni na juu imekatwa kwa rula. Ilianza na "I have a dream", ikaishia na "free at last". Kilichokuwa juu ya pale palipokatwa sikukiuliza. Mwanafunzi wa kidato cha tatu haulizi, anakariri.

Nikakariri. Nilikariri nikichota maji, nikipepeta mchele, nikisubiri daladala Chumbageni. Mdogo wangu aliliokota neno "Mississippi" akaligeuza wimbo wa kuruka kamba, na watoto wa mtaa mzima wakawa wanaruka Mississippi bila kujua kama ni mto, mtu au dawa ya malaria. Siku ya siku nilinyoosha mkono juu kama nilivyofundishwa, sauti ikapanda palipotakiwa kupanda, nikatoka wa pili. Zawadi ilikuwa kamusi.

Kwa miaka karibu ishirini, hotuba ya Martin Luther King, mhubiri mweusi wa Atlanta, Marekani, aliyepigania haki za weusi, kwangu ilikuwa ukurasa ule. Mtu mpole, suti nyeusi, anaota watoto weupe na weusi wameshikana mikono. Maneno matamu, na hayamuudhi mtu. Kama mngenishika barabarani mkaniuliza kwa nini mtu wa maneno matamu namna ile alipigwa risasi, nisingekuwa na jibu.

Maisha yakanipeleka Clarkston, mji mdogo nje kidogo ya Atlanta, jimbo la Georgia. Ni mji wa wakimbizi: Waburma, Wasomali, Wabhutani, Waafghani, na Wakongo wengi kutoka Kivu. Kazi yangu ni ukalimani. Naketi kati ya daktari na mgonjwa, kati ya mwalimu na mzazi, napokea neno huku natoa neno kule. Wakongo wananiita Mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki. Wengi wao walikaa makambini Kigoma miaka kumi na tano, ishirini, kwa hiyo Kiswahili cha Tanzania wanakijua vizuri na hukicheka vizuri zaidi. Mwanzoni niliwaamkia wazee wao "shikamoo", wakaitikia "marahaba" kwa heshima zote, kisha wakaangua kicheko.

Januari 2022 mchungaji wao alinijia na ombi. Watoto wanarudi kutoka shuleni na picha waliyoipaka rangi ya mtu mweusi mwenye tai, wanasema Jumatatu hakuna masomo kwa sababu yake. Wazazi wanauliza huyu ni nani, watoto wanajibu "aliota ndoto", basi. Kwa kuwa siku hiyo wengine wangekuwa na mapumziko, je, ningeweza kuwasomea hiyo hotuba ya King kwa Kiswahili? Nikasema hilo jambo dogo, ninayo kichwani.

Usiku ule nikaitafuta hotuba nzima, mara yangu ya kwanza, na nikagundua kwamba kichwani nilikuwa na mkia tu. Hotuba ile, aliyoitoa kwenye maandamano makubwa ya Washington tarehe 28 Agosti 1963, ilichukua kama dakika 17. Neno "ndoto" halitajwi mpaka theluthi mbili zimekwisha. Zaidi ya hayo, halikuwamo kwenye maandishi aliyopanda nayo jukwaani. King alikuwa ameshaisema ndoto ile kwingine, Detroit mwezi Juni mwaka huohuo kwa mfano, na siku ile hakupanga kuirudia. Waliokuwa karibu naye walisimulia kwamba mwimbaji Mahalia Jackson, aliyekuwa ameketi nyuma yake, alimpazia sauti awaambie ile ndoto. King akaacha kusoma, akaanza kuhubiri. Kwa hiyo kile nilichokikariri mimi, kile kinachojulikana dunia nzima, ndicho ambacho hakikuandikwa. Kilichoandikwa ni kile kilichokatwa kwa rula.

Na kilichoandikwa kinahusu deni.

Anaanza kwa kuhesabu. Tarehe 1 Januari 1863 Abraham Lincoln alitia saini tangazo la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. King amesimama mbele ya sanamu ya Lincoln huyohuyo, watu kama 250,000 wako mbele yake, na anasema miaka mia moja baadaye mtu mweusi bado hayuko huru. "Miaka mia moja baadaye" anaisema mara nne, kama mtu anayegonga mlango ambao anajua mwenyewe yumo ndani. Kisha anasema tumekuja katika makao makuu ya nchi yetu kuvunja hundi. Wale walioandika katiba na tamko la uhuru waliandika ahadi ya kulipa, na kila Mmarekani ni mrithi wake. Mtu mweusi amepewa hundi mbovu; ameipeleka, imerudi imepigwa muhuri kwamba akaunti haina fedha za kutosha. Lakini tunakataa kuamini kwamba benki ya haki imefilisika.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini.

Kwa Kiingereza, lugha aliyoisema, kuna maneno matatu tofauti: moja la kile unachostahili kisheria, moja la mahakama na usawa, na jingine la uadilifu wa mtu mbele ya Mungu. Sisi neno ni moja, haki, na linabeba mzigo wa yote. Tena linabeba mzigo wa nne ambao Waingereza hawana kabisa. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi, Tanga au Morogoro, hasemi anadai fedha. Anasema, "Nafuatilia haki zangu." Mjane anayezungushwa na mashemeji anasema, "Wanipe haki yangu." Haki kwetu inahesabika, unaweza kuitia kwenye bahasha. Mhubiri wa Atlanta alilazimika kutafuta mfano wa benki ili kuwaonyesha Wamarekani kwamba haki ni kitu mtu anachodaiwa na mwingine anadai. Kwa Kiswahili mfano ule karibu si mfano tena.

Najua ninachosema kwa sababu ya baba. Kiwanda alichofanyia kazi kilifungwa mimi nikiwa darasa la nne. Tangu hapo alikuwa na bahasha ya kaki iliyokaa juu ya kabati, na kila mwezi aliishusha, akavaa shati la kuendea ofisini, akatoka. "Baba yenu kaenda kufuatilia haki zake," mama alisema. Alirudi jioni na neno moja kati ya matatu: njoo Jumanne, faili halionekani, subiri. Alilipwa nusu, baada ya miaka kumi na moja, shilingi ikiwa imeshaliwa na bei za vitu. Siku ya kulipwa hakufurahi. Alihesabu, akazirudisha kwenye bahasha ileile.

Kuna sehemu King anakemea dawa ya usingizi ya kwenda polepole. Aprili mwaka huohuo, akiwa jela Birmingham, aliandika kwamba neno "subiri" karibu kila mara limekuwa na maana ya "kamwe". Haya ni maneno magumu kuyatia kwenye Kiswahili, maana lugha yetu yenyewe imekaa upande wa pili. Subira yavuta heri. Haraka haraka haina baraka. Mstahimilivu hula mbivu. Nilizitafuta methali za kumsaidia King nikapata chache mno, nikajikuta nimemkasirikia aliyezitunga. Huenda naye alikuwa na mtu nje ya mlango wake anayefuatilia haki zake.

Basi Jumatatu ikafika, tarehe 17 Januari. Baridi kali, barakoa usoni, ukumbi wa kanisa una viti vya plastiki na birika kubwa la chai ya maziwa. Walikuja kama watu thelathini. Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja wa Uvira akasimama. Akasema leo ni siku ya Lumumba. Nilikuwa nimesahau kabisa: Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na kwao Kongo ni siku ya mapumziko. Mzee akasema hotuba anayoijua yeye ni ile ya siku ya uhuru wa Kongo, tarehe 30 Juni 1960, Lumumba mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji, akiwatajia Wabelgiji matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni, na jinsi mtu mweusi alivyoambiwa "tu", yaani "wewe" ya Kifaransa isiyo na heshima, si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu peke yao. Kipande kile alikisema kwa Kifaransa, macho yamefumbwa. Ukumbi ukatulia. "Huyu wako," akaniambia, "aliwaambia wazungu nini?"

Nikaona ndoto haitafaa kuanzia. Nikaanza na hundi.

Waliipokea kama habari ya jana. Wanawake waliguna palepale penye muhuri. Baba mmoja aliyekuwa na duka Bukavu aliuliza, bila mzaha wowote, miaka mia moja ni riba kiasi gani. Nikamwambia King hakutaja riba. Akatikisa kichwa kwa namna ya kumhurumia King.

Nikaendelea mpaka pale anapotaja watoto wanaovuliwa utu kwa vibao vilivyoandikwa "kwa weupe tu". Kijana mmoja, aliyezaliwa kambini na kukulia humo, akasema taratibu, "Kibali." Wenzake wakacheka kicheko kile kisicho na furaha. Kwetu Tanzania mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali; akikutwa nje anakamatwa. Mimi nimekua nikiambiwa kwamba nchi yangu ilibeba wakimbizi mgongoni, na ni kweli ilibeba. Lakini nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu thelathini ambao nchi yangu iliwahifadhi na kuwazuia papo hapo. Nilijua ningeweza kusema mambo ya usalama na mambo ya sheria. Nikageuza ukurasa. Nikiikumbuka ile dakika naona nilipaswa kusema pole angalau.

Ndoto ilipofika ilileta vurugu ambayo sikuitegemea. Kutafsiri "I have a dream" kama "nina ndoto" kunasikika vibaya, kama mtu aliyebeba ndoto mfukoni. Nilikuwa nimechagua "naota", nikafuta, nikaandika "nimeota ndoto". Mama mmoja akauliza, "Aliota usiku gani?" Sikucheka, kwa bahati nzuri. Katika kanisa lile ndoto si matumaini wala mipango ya maisha. Ndoto unapewa, na ukipewa hutakiwi kukaa nayo. Yusufu alipewa, Danieli alipewa. Nikaeleza kwamba huenda hakulala, alikuwa anaona kwa macho ya mbele. "Ah," mama akasema, "ni maono." Tukaafikiana neno "njozi". Na mara tu walipoishika kama unabii, wakanitangulia. Nilisoma, "Nimeona njozi kwamba siku moja kila bonde…" na ukumbi ukamalizia: "…litainuliwa, na kila mlima na kilima kitashushwa, palipopotoka patakuwa pamenyoka, na palipoparuza patasawazishwa." Isaya 40, neno kwa neno. Walikuwa na hotuba ile miaka yote, ila hawakuambiwa kwamba ni ileile. Mimi Mtanga niliyepewa zawadi ya kamusi ndiye sikujua kwamba kipande kile ni Biblia.

Mstari maarufu kuliko yote, ule wa watoto wake wanne wasihukumiwe kwa rangi ya ngozi, ulinisumbua pia. Wahukumiwe kwa nini badala yake? Nikiandika "tabia", inakuwa ripoti ya shule: nidhamu B, usafi C. Nikaandika "utu". Naupenda mstari ule lakini siupendi unavyotumiwa. Nimewasikia watu wenye vyeo wakiunukuu peke yake kusema kwamba King hakutaka rangi itajwe hata katika kurekebisha dhuluma iliyofanywa kwa kufuata rangi. Anayesema hivyo naye alipewa karatasi iliyokatwa. Huwezi kusimama dakika kumi ukidai deni, kisha ukafunga kwa kusema tusiulizane nani anamdai nani.

Kisha milima. Pale mwisho King anaita uhuru ulie kama kengele kutoka vilele vya New Hampshire, milima ya New York, Pennsylvania, Colorado yenye theluji, California. Hii niliitamka vizuri sana nikiwa kidato cha tatu. Halafu anasema, lakini si hapo tu: ulie kutoka Stone Mountain ya Georgia. Nilipokuwa Tanga lilikuwa jina moja katika orodha ya majina. Sasa nilikuwa nalisoma katika ukumbi ambao ukitoka, robo saa kwa gari, unafika kwenye mlima wenyewe. Nilishawahi kwenda huko na watoto, tukala mahindi ya kuchoma, tukapiga picha.

Ni jiwe moja kubwa la kijivu. Mwaka 1915 juu yake Ku Klux Klan, kundi la kuwatesa na kuwaua weusi, lilizaliwa upya kwa kuchoma msalaba usiku. Ubavuni wamechongwa wakuu watatu wa upande uliopigana vita ili utumwa uendelee: Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, juu ya farasi. King aliposema maneno yale uchongaji ulikuwa umesimama katikati, haujaisha. Jimbo likauendeleza baada ya hapo, ukakamilika mwaka 1972, yeye akiwa kaburini miaka minne. Basi aliposema "lakini si hapo tu" hakuwa anaongeza mlima mwingine kwenye orodha. Alikuwa ametoka kwenye milima ya majimbo ya mbali, akaingia kwenye ua wa adui yake, akaitaja na Tennessee, akamalizia na Mississippi. Umati wa siku ile ulijua. Ukiisikiliza sauti ya siku ile unawasikia wakijua. Mimi nilisema maneno hayohayo nimenyoosha mkono, sijui lolote, nikapigiwa makofi.

"Ule mlima wa picnic?" mtoto mmoja akauliza. Mama yake akamnyamazisha.

Nilidhani tumemaliza. Mama yule wa njozi akanyoosha mkono tena. "Mwalimu, ile deni. Balilipaka?"

Nikajaribu. Nikasema sheria ya haki za raia ilipita Julai 1964, ya kupiga kura Agosti 1965, na hizo zilifungua milango mingi. Hata sisi wageni tunapita katika milango hiyo. Nikasema pia kwamba siku 18 baada ya hotuba, bomu liliwekwa kanisani Birmingham, watoto wa kike wanne wakafa siku ya Jumapili. Nikasema hapahapa Georgia, Januari 1865, jenerali Sherman alitoa amri waliokuwa watumwa wagawiwe mashamba ya ekari 40 pwani, na kabla mwaka haujaisha rais Andrew Johnson alikuwa anawarudishia mashamba hayo mabwana wa zamani. Nikasema maandamano yale ya 1963 jina lake halisi lilikuwa maandamano ya kazi na uhuru, kazi ikitangulia, na kwamba King aliposhuka jukwaani Bayard Rustin, mpangaji mkuu wa maandamano yale, alipanda akasoma madai, mojawapo kima cha chini cha mshahara kiwe dola 2 kwa saa. Wakati ule kilikuwa dola 1.15. Leo sheria ya nchi inasema 7.25, na haijaguswa tangu 2009. Nikasema King alipouawa Memphis, Aprili 1968, alikuwa amekwenda kuwasaidia wazoa taka waliogoma.

"Kwa hiyo bado," akasema baba wa duka.

"Nusu," nikasema. Sijui kwa nini nilisema nusu. Nadhani nilikuwa naiona ile bahasha ya kaki.

Wakaimba, wakaomba, tukanywa chai. Mzee wa Uvira akaniomba nimwandikie jina la King vizuri kwenye daftari lake, akaliweka chini ya la Lumumba. Nilipokuwa naokota karatasi zangu, yule mama alinifuata. Anafanya kazi kiwanda cha kuku, kaskazini mwa jimbo. Gari la kuwapeleka linamchukua saa tisa za usiku. Akatoa kwenye mkoba bahasha, akaifungua juu ya meza ya chai. Hapa mshahara tunauita cheki, hata ukiingia benki moja kwa moja.

"Mwalimu, hii cheki yangu haiko sawa. Masaa yangu hayatoshi. Nilibauliza, wakasema nisubiri."

Nikavuta viti viwili. Alikuwa ameandika saa zake mwenyewe, kwa kalamu ya mtoto ya rangi ya zambarau, nyuma ya ile picha ya mtu mwenye tai. Tukaanza na Jumatatu.